Dawa za viroboto zinazotuulia paka: tupeane uzoefu, hasa watu wa Tanga

Binti Makorora
Habari za jioni wote. Leo nilikuwa soko la Mgandini, mbele yangu kuna mama anaulizia dawa ya viroboto vya paka. Muuza duka hakuuliza paka ana umri gani, ana mimba au ananyonyesha. Akamtolea unga wa kuku, ile dawa ya kunyunyizia kuku wenye utitiri na viroboto. "Mpake mwili mzima, kesho humuoni hata mmoja." Nikamvuta yule mama pembeni nikamwambia usinunue. Muuzaji akanifokea kwamba namharibia biashara.

Sikuweza kunyamaza. Jirani yetu alipoteza paka na watoto wake wote kwa unga wa namna hiyo. Mama paka alijilamba, mate yakawa yanachuruzika, akaharisha, pumzi ikabana, hata magharibi haikufika. Watoto wakanyonya kwenye manyoya yaleyale. Mwenye kisa akiweke hapa, na ataje ilikuwa dawa ya aina gani, ili mwingine akitafuta akute.

Mpwani Chumbageni
Nimeliona hilo kwa macho yangu. Unga huohuo. Inauma sana.

Dereva wa Barabara ya 12
Cha kwetu hakikuwa unga, ni matone. Kaka yangu alikuja kutoka Dar na mbwa wake, ana vile vichupa vidogo vya kudondoshea mgongoni. Ikabaki nusu. Akamdondoshea Simba, paka wa mama, kwa huruma tu, maana Simba alikuwa anajikuna mpaka shingo imekuwa kidonda.

Baada ya isha Simba akaanza kutikisa masikio. Tukasema ana mdudu sikioni. Mara miguu ya nyuma inajirusha, kila unyayo anauinua juu, hataki kukanyaga chini. Ngozi ya mgongo inacheza yenyewe. Ilipofika saa nne usiku anatetemeka mwili mzima, mate yanamtoka, macho yamekuwa meusi matupu. Mtu akifunga mlango tu anaruka kama kapigwa shoti. Bibi anasema hiki ni kijicho, leteni ubani. Shangazi kashika kikombe cha maziwa, anataka tumnyweshe. Mama analia.

Nikampigia bwana mifugo anayetibu ng'ombe upande wetu. Mungu ambariki, alipokea. Swali lake la kwanza: kwenye kichupa pameandikwa nini? Nikamulika na tochi ya simu. Permethrin, dawa ya kuua wadudu, na picha ya mbwa. Akasema haraka haraka: msimpe maziwa, msimpe mafuta, msimtie kitu chochote mdomoni, atapaliwa. Muosheni sasa hivi kwa sabuni ya vyombo, maji ya uvuguvugu. Yakiwa ya moto ngozi inanyonya dawa zaidi, yakiwa ya baridi mnamzidishia kutetemeka. Kisha mfungeni taulo mniletee, na kichupa mje nacho.

Tulimuogeshea uani kwenye beseni, mama kashika kichwa, mimi nasugua mgongo. Harufu ya dawa haitoki, tukarudia sabuni. Kwenye bajaji ndipo degedege lilipomshika. Amekakamaa, meno yanagongana, mkojo unamtoka mapajani kwa mama. Mimi naendesha sioni barabara. Tulipofika akachomwa diazepam, sindano ya kutuliza degedege. Akatulia, likarudi, akachomwa tena. Bwana mifugo alikesha naye anampima joto, kwa sababu kutetemeka kule kunapandisha joto la mwili mpaka joto lenyewe linaua. Zilipita siku kabla hajagusa dagaa. Yupo hai.

Mbwa aliwekewa dawa hiyohiyo na hakukohoa hata mara moja. Bwana mifugo alituelezea kwamba ini la paka halina uwezo wa kuivunja permethrin kama la mbwa. Matone mengi ya mbwa yana permethrin asilimia 45 hadi 65. Hakuna "mpunguzie kidogo kwa kuwa paka ni mdogo". Tone la mbwa kwa paka ni sumu, basi.

Mpwani Chumbageni
Nimesoma nimesimama. Mpe mama pole.

Mama Kuku Pongwe
Poleni. Ila msiutukane unga wa kuku. Mie nafuga kuku miaka yote hii, banda langu halina utitiri wala viroboto. Unga unafanya kazi.

Binti Makorora
Unafanya kazi kwa kuku, Mama. Kuku hajilambi. Paka kila unachompaka mgongoni kinaishia tumboni.

Mama Kuku Pongwe
Hapo sawa. Lakini paka wangu analala banda la kuku na hajafa.

Mzee wa Tongoni
Sisi tulikua tukipaka mafuta ya taa kwenye kitambaa, unampitishia paka, viroboto vinakimbia. Hatukujua dawa za dukani. Paka walikuwepo na mpaka leo wapo.

Nesi wa Usagara
Shikamoo mzee wangu. Mafuta ya taa yanachoma ngozi ya paka, na akiyalamba yakapita njia ya hewa, mapafu yanavimba. Waliokuwa wakifa walikwenda kufia vichakani, hakuna aliyewahesabu. Tafadhali msimfuate mzee kwa hili.

Mzee wa Tongoni
Marahaba. Nimesema tulivyofanya, sikusema mfanye.

Karafuu Muheza
Mbona dawa za asili zipo? Mafuta ya karafuu, matone machache kwenye mafuta ya nazi. Hayana kemikali.

Nesi wa Usagara
Karafuu ina kemikali inaitwa eugenol, na ini la paka linashindwa nayo vilevile. Mafuta ya mkaratusi pia. Cha shambani hakimaanishi ni salama kwa paka.

Karafuu Muheza
Bibi yangu alitumia mwarobaini. Nao utausema?

Paka wa Deep Sea
Mwarobaini mimi natumia, majani nachemsha namwagia sakafuni, si kwa paka. Unasaidia.

Jirani wa Mabawa
Mimi niliacha, paka alilamba yale maji akatoka mapovu. Bora kufagia na kuanika mikeka.

Mama wa Duga
Naandika mikono inatetemeka. Mume wangu alimtuma kijana akanunue dawa ya viroboto, dukani akapimiwa dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa sirinji, ikatiwa kwenye chupa ya soda. Hakuna lebo, hakuna jina, kaambiwa tu achanganye na maji. Dawa ile ikiingia maji inakuwa nyeupe. Kijana kamuogesha paka, kikombe kilichobaki kakiweka dirishani. Mwanangu wa kiume, hata shule hajaanza, akadhani ni maziwa.

Alikunywa funda. Nilimkuta anafuta mdomo. Baada ya muda akaanza kusinzia, namuita haitiki vizuri, mwili wa baridi. Hospitali wananiuliza, mama, amekunywa dawa gani? Sina jibu! Nina chupa ya soda mkononi! Mume wangu akakimbia dukani, muuzaji akawa anazungusha maneno, hadi watu walipojaa mlangoni ndipo akatoa galoni lenyewe. Amitraz. Ndipo wakajua wanatibu nini. Mtoto alilazwa, alhamdulillahi akaamka. Paka alilegea vivyo hivyo, akawa wa baridi, hakuamka.

Dereva wa Barabara ya 12
Subhanallah.

Binti Makorora
Mama, pole sana. Mtoto anaendeleaje sasa?

Mama wa Duga
Mzima, anakimbia. Lakini mimi nikiona chupa ya soda dirishani moyo unasimama.

Mpwani Chumbageni
Duka gani hilo? Litajwe!

Nesi wa Usagara
Tusitaje duka hapa. Mama aende kwa afisa mifugo wa kata akaandike malalamiko. Viuatilifu vina mamlaka yake, TPHPA, na dawa za mifugo zipo chini ya mamlaka ya dawa, TMDA. Kupima sumu kwenye chupa ya kinywaji hakukubaliki popote.

Mjomba Sahare
Naona watu wanalia kwa sababu ya paka, wakati binadamu hana hela ya panadol. Paka mtoe nje, viroboto vitatoka naye.

Paka wa Deep Sea
Mjomba, umeruka kisa cha mtoto hapo juu? Na yule mwanamke wa kwenye hadithi ya Mtume aliyemfungia paka bila chakula, unajua aliishia wapi.

Mjomba Sahare
Usinihukumu moto, ndugu. Nimesema nje, sikusema afungiwe.

Paka wa Deep Sea
Ukimtoa nje viroboto vinabaki na wewe, vinahamia miguuni kwako. Jaribu uone.

Bwana Mifugo Muheza
Nimesoma vyote. Niseme ninayoyaona kazini.

Kiroboto mzima unayemuona kwa paka ni sehemu ndogo sana. Mayai yanadondoka kwenye mikeka, mchanga wa uani, nyufa za sakafu, makochi. Huko yanakuwa funza, kisha yanajifunga kwenye kifukofuko na yanaweza kusubiri miezi. Ndiyo maana mtu akirudi kwenye nyumba iliyofungwa anarukiwa mlangoni. Kwa hiyo mnamzidishia paka sumu wakati viroboto vipo kwenye godoro. Fueni matandiko kwa maji ya moto, yaanikeni juani, fagieni chini ya vitanda.

Kwa paka, nunua dawa yenye picha ya paka na uzito wa paka umeandikwa. Fipronil ya paka na selamectin ndizo ninazotumia mimi, matone chini ya kisogo asikoweza kulamba. Mwenye sungura, fipronil isimguse sungura, inamuua. Permethrin, amitraz na dawa za josho, hapana. Mbwa uliyemuwekea matone ya permethrin msimlaze na paka mpaka yakauke kabisa.

Akishapata sumu, aina yake ndiyo inaamua tiba. Unga wa carbaryl na dawa za wadudu za jamii ya organofosfati zinaleta mate, machozi, kuhara na mboni ndogo. Hizo tunazitibu kwa atropini. Permethrin inaleta kutetemeka na degedege, atropini haimsaidii. Kwa hiyo njoo na kopo.

Jirani wa Mabawa
Nina vitoto vya wiki tatu, vimejaa viroboto, fizi zimekuwa nyeupe. Nipake nini?

Bwana Mifugo Muheza
Usipake kitu. Matone mengi ni kuanzia wiki 8. Fizi nyeupe maana yake damu inanyonywa, vinaweza kufa kwa hilo peke yake, vilete vionwe kesho asubuhi. Usiku huu vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo kuanzia shingoni, la sivyo viroboto vinakimbilia usoni. Vikaushe upesi visipate baridi, kisha chana kwa kitana. Na mama yao mchane pia.

Jirani wa Mabawa
Kitana kile cha chawa cha plastiki kinafaa?

Bwana Mifugo Muheza
Cha chuma ni bora, meno yake yamebanana. Ukivuta mara moja, chovya kwenye bakuli la maji ya sabuni hapohapo, wasirukie kanga yako.