Chai sita mezani, na ladha moja chini ya zote: nakosea wapi?

Binti_Kyenjojo

Habari zenu ndugu zangu. Nipo Kireka hapa Kampala, lakini nimezaliwa kambi ya chai Kyenjojo. Kiswahili changu ni kile cha kambini: baba alitoka Kigezi, majirani walitoka Arua na Kongo, na hiyo ndiyo ilikuwa lugha ya kuelewana. Mama alichuma chai miaka 18. Nyumbani tulikunywa ile ya kupimiwa dukani, inachemshwa na tangawizi na sukari mpaka sufuria inakuwa nyeusi kwa ndani.

Mwezi uliopita mdogo wangu alirudi kutoka Dubai na kasha la pakiti nne za majani, gramu 25 kila moja: Darjeeling ya India, Nuwara Eliya ya Sri Lanka, sencha ya Japani, na moja ya China iliyoandikwa Lapsang Souchong. Jirani yangu Mkenya akaniongezea ya Kericho. Mama akatuma ya kwetu. Zikawa sita, nikaziweka zote katika kopo moja la biskuti. Nataka kuzionja vizuri nijue chai ya kwetu imesimama wapi mbele ya hizo nyingine.

Jumamosi nikazipika moja moja. Kijiko kimoja cha majani, kikombe kimoja cha maji kwenye sufuria, dakika tano juu ya moto, nikachuja. Sikutia maziwa wala sukari. Ya Japani ilikuwa chungu, sikuweza kuimeza. Darjeeling ilikuwa kama maji matupu. Ya China inanuka moshi, nadhani imeharibika njiani. Ya Kericho na ya kwetu sikuona tofauti yoyote. Halafu ya kwetu ilipopoa ikachafuka, ikawa kama maji ya mto baada ya mvua. Nilisikia vibaya, nikaimwaga. Na chini ya zote sita kuna ladha moja inayowasha kidogo kooni, sijui inatoka wapi.

Mama anakuja mwisho wa mwezi na ningependa tuonje pamoja. Nakosea wapi? Tafadhali msinijibu kwamba chai ni chai.

Mpwani_Kla

Dada, hiyo ya China haijaharibika. Ndivyo ilivyo. Lapsang Souchong inatoka milima ya Wuyi, jimbo la Fujian, na majani yake hukaushwa kwa moshi wa kuni za msonobari. Watu wanaitafuta kwa ajili ya moshi huo huo.

Tatizo ni kopo la biskuti. Majani ya chai hunyonya harufu haraka sana. Ndiyo sababu Wachina wanaweza kuyalaza na maua ya asumini usiku kucha na asubuhi yakanukia asumini. Kwa hiyo moshi wako umeshaanza kuhamia kwa wenzake. Itoe leo, iweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, mbali na nyingine. Na zote zikae mbali na jiko, vitunguu, sabuni na mafuta ya taa.

Kwetu Mombasa chai isiyo na maziwa tunaiita strungi, na tunaiheshimu. Umefanya vizuri kuonja bila maziwa.

Mama_Bombo

Mimi hapo sikubali. Uganda hii nani anakunywa chai kavu kila siku kama maziwa yapo? Chai yetu imetengenezwa ikutane na maziwa. Ukiipima bila maziwa umeipima nusu. Mie najua chai mbaya nikishatia maziwa tu: inakuwa kijivu kama maji ya kuoshea vyombo. Chai nzuri inabaki na rangi ya dhahabu nyekundu. Binti, onja na maziwa pia, usiache.

Mzee_wa_Kijiko

Binti yangu, nimefanya kazi katika chumba cha kuonjea cha kiwanda kimoja huku magharibi, na kila asubuhi nilionja vikombe kwa makumi. Nisome polepole.

Kwanza, usichemshe majani. Kumimina maji yanayotokota juu ya majani na kupika majani sufuriani ni mambo mawili. Ukipika, unakamua kila kitu, kizuri na kibaya, na chai zote zinaelekea kufanana. Kipimo cha waonjaji kimeandikwa kama kanuni ya kimataifa, ISO 3103: gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji, yafunikwe dakika 6, kisha yachujwe. Hiyo ni chai kali kuliko ya kunywa, kwa makusudi, ili kasoro isijifiche. Ukitaka iwe ya kunywa, dakika 3 au 4 zinatosha. Lakini dakika zozote utakazochagua, ziwe hizo hizo kwa chai zote nyeusi.

Hapa Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Kwa hiyo usiyaache yapoe kabla ya kumimina kwenye chai nyeusi. Huna joto la kupoteza.

Pili, kijiko kimekudanganya. Chai ya kwetu na ya Kericho karibu yote ni CTC: majani yanapita kati ya magurudumu yenye meno, yanasagwa, yanachanwa na kuviringishwa kuwa punje. Njia hiyo ilianzia Assam, India, miaka ya 1930. Punje ni nzito na hutoa rangi upesi. Darjeeling ni majani marefu yaliyosokotwa, mepesi, yana hewa katikati. Kijiko chako cha Darjeeling huenda kilibeba nusu ya uzito wa kijiko cha Kyenjojo. Ndiyo maana ulipata maji. Angalia pia alama kwenye pakiti za CTC: BP1, PF1, PD, Dust 1. Hizo zinaeleza ukubwa wa punje. Dust 1 itakuwa nyeusi kuliko BP1 hata kama zimetoka shamba moja siku moja, kwa hiyo ukilinganisha Kericho na Kyenjojo, linganisha punje za ukubwa mmoja.

Tatu, ile iliyochafuka ilipopoa, natamani usingeimwaga. Hiyo si kasoro. Chai yenye nguvu ikipoa, kafeini yake hushikana na vile vitu vinavyoipa rangi na ukali, vinaganda kidogo, kikombe kinapata ukungu. Sisi tulifurahi tukiuona. Ipashe moto, itang'aa tena. Ukungu huo uko ndani ya chai yenyewe. Ukiona utando unaoelea juu na kukatika kama ganda, hayo ni madini ya maji, hasa ya kisima.

Sasa ulimi. Jifunze kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyaita yote uchungu. Uchungu wenyewe ni ladha ya ulimini, kama dawa ya malaria. Ukakasi hukausha mashavu na fizi, kama umeuma ndizi mbichi. Chai nyeusi nzuri ina ukakasi unaoamsha mdomo kisha unaondoka. Ukikaa na kukuvuta ulimi, chai imekaa na majani mno au ilikosewa kiwandani. Halafu tafuta uzito: je, inateleza kama maji au inajaza mdomo? Mwisho harufu, na harufu utaipata ukifyonza kwa kijiko kwa sauti, chai iingie pamoja na hewa. Najua mezani kwetu ni utovu wa adabu. Siku ya kuonja mwombe mama ruhusa.

Mama Bombo hajakosea. Kanuni hiyo hiyo ina nafasi ya maziwa: kwa kikombe kidogo, mililita 2.5, yaani nusu kijiko cha chai. Fanya raundi ya kwanza kavu, ya pili na maziwa, kwa chai mbili za CTC. Sencha usiitilie maziwa, nakuomba.

Fundi_Arua

Mzee ameongea gramu, na wengi hatuna mizani. Mimi nimefanya hivi: rula ya shule juu ya penseli, vizibo viwili vya soda huku na huku. Pakiti yako ni gramu 25. Igawe mara mbili mpaka rula ilale sawa, kila upande 12.5. Gawa tena, 6.25. Gawa tena, una gramu 3 na kidogo. Hiyo moja iache kwenye kizibo, ndiyo jiwe lako la kupimia Kericho na Kyenjojo. Maji yake ni mililita 150, nusu ya chupa ya soda ya 300. Umefika kwenye kipimo cha Mzee bila kununua kitu.

Jambo jingine. Kabla ya kusema Kericho na Kyenjojo ni tofauti, jipime. Mtu akumiminie vikombe vitatu, viwili vya chai moja, kimoja cha nyingine, namba ziandikwe chini ya kikombe. Tafuta kile cha peke yake. Kwa kubahatisha utapata mara moja katika tatu, kwa hiyo rudia mara tano au sita kabla hujajiamini. Vikombe viwe vyeupe ndani na vya aina moja.

Binti_Kyenjojo

Mungu awabariki. Nimesoma mpaka usiku.

Nimempata mwizi wa ladha. Nilifikiri ni kopo tu, lakini moshi hauwashi kooni. Asubuhi nikachukua maji ya moto matupu, nikayamimina kwenye kichujio changu cha plastiki, kile cha miaka yote, nikayaonja. Tangawizi! Maji meupe kabisa, na tangawizi imo. Chupa ya chai nayo hivyo hivyo, ukifungua kifuniko inakupokea kabla hujamimina. Nimenunua kichujio cha waya, na chupa haitagusa chai ya kuonja.

Swali: sencha nifanyeje? Sina kipimajoto.

Mpwani_Kla

Sencha ni chai ya kijani, Wajapani huipika kwa mvuke ili isigeuke nyeusi. Maji yanayochemka yanaikamua uchungu wote. Changanya sehemu tatu za maji yaliyotoka kuchemka na sehemu moja ya maji ya kunywa yaliyopoa. Utakuwa chini kidogo ya nyuzi 80. Dakika moja, moja na nusu, toa majani. Ianze hiyo siku ya kuonja, kisha Darjeeling, Nuwara Eliya, CTC zenu, na ya moshi iwe ya mwisho kabisa, maana baada yake ulimi umefungwa.

Mama_Bombo

Na mama yako umwandalie mihogo ya kuchemsha isiyo na chumvi, ale katikati ya vikombe. Chapati ya mafuta itampaka ulimi. Utuambie alivyosema.

Binti_Kyenjojo

Nimerudi kuwaeleza. Mama alifika Ijumaa, tukaonja Jumamosi asubuhi kabla ya kula chochote kikali. Mdogo wangu ndiye aliyemimina na kuandika namba.

Sencha sasa inanyweka, ina utamu wa mboga changa, ingawa mama alisema ni maji ya dodo, ile mboga ya mchicha, na hakuirudia. Nuwara Eliya ilitushangaza: nyepesi, rangi ya asali, ukakasi safi unaoondoka haraka. Kericho na Kyenjojo tulizipima kwa vikombe vitatu mara sita. Mimi nilipata nne. Mama alipata zote sita, na sasa naisikia tofauti aliyonionyesha: ya Kericho inang'aa na inauma mbele ya ulimi, ya kwetu ni nzito, inajaza mashavu. Tulipotia nusu kijiko cha maziwa, ya kwetu ikatoka rangi ya udongo wa barabara ya Kyenjojo, nyekundu kabisa. Ya Kericho ilipauka kidogo. Nadhani kavu nitachagua Kericho, na ya maziwa nitachagua ya kwetu, bila upendeleo. Zilipopoa zote mbili zikapata ukungu, Mzee, na safari hii sikumwaga.

Lakini jambo lililonikaa ni Darjeeling. Mama hakuisifu sana chai yenyewe. Alichota majani yaliyolowa kwenye kichujio, akayaweka kiganjani, akaanza kuyakunjua moja moja kwa ukucha. CTC huwezi kufanya hivyo, imeshasagwa. Akalifungua moja mpaka likalala: jani, jani dogo zaidi, na chipukizi katikati, vyote vimeshikana kwenye kikonyo kimoja. Akasema, "Majani mawili na chipukizi. Huyu hakuchuma jani gumu hata moja." Akakunjua mengine matatu, yote hivyo hivyo. Akaniuliza huko India wanalipwa kwa kilo kama wao. Nikamwambia sijui.

Mzee wa Kijiko, je, huku Tooro kuna mahali naweza kupata majani yetu yaliyosokotwa hivyo, yasiyosagwa? Mama anataka kuyakunjua ya kwetu.

Mzee_wa_Kijiko

Yapo, ni machache, maana viwanda vyetu karibu vyote vina mashine za CTC na chai inakwenda mnada wa Mombasa. Ukienda nyumbani ulizia kwa jina la orthodox, ndivyo watu wa viwandani wanavyoyaita. Ukikosa, mama anaweza kuyatengeneza mwenyewe. Achume asubuhi, majani mawili na chipukizi kama alivyozoea. Ayatandaze kivulini mpaka yalegee na kikonyo kisivunjike akikikunja, kwa kawaida ni mpaka kesho yake. Ayaviringishe kwa viganja mpaka yatoe unyevu, ayaache saa mbili au tatu yageuke rangi ya shaba na yanukie kama tunda, kisha ayakaushe kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo sana, akigeuza bila kupumzika, hadi yakatike kwa sauti. Majani mabichi kilo moja yatampa kama robo kilo hivi, au pungufu kidogo. Sufuria isiwe ile ya tangawizi.