Kupata kopi ya hukumu ya talaka ku tribinali, numero ya dosye imepotea

Mama_Mapacha
Jambo kwenu bote. Mi ninakaaka Kitwe, Zambia, lakini juma mbili hizi niko hapa Lubumbashi juu ya mambo moja inanichokesha kabisa. Na bwana yangu wa kwanza tuliachana 2014, na si kuachana ya kubeba mabagaje tu, tulifika ku tribinali, juge akasoma hukumu na mi nilikuwa mule ndani na yaya yangu, nilisikia na masikio yangu. Nikatoka na fotokopi moja, ya kweli sikuombaka, siku ile nilikuwa nataka tu kufika inje nipumue.

Sasa Mungu amenikumbuka, niko na mutu, tunataka kuandikisha ndoa ku komini, karani wa eta sivile (ofisi ya kuandikisha ndoa na kuzaliwa) akafungua kitabu, akasema mama, humu ungali bibi ya mutu, leta mukanda ya divorsi. Ile fotokopi ilikaaka mu sanduku kwa mama, mvula iliingia, inaonekana RC (numero ya kesi) na chifre mbili, ingine yote ni wino ya bluu tu.

Ku tribinali nimeenda mara tatu. Ya kwanza karani hakuko. Ya pili eko, lakini arshive iko chumba ya nyuma na funguo iko na mutu mwingine. Ya tatu ule mutu mwingine akaniomba dola 50 ya "kutafuta", nikamupa 20, hakunipa hata kikaratasi, na tangu siku ile simu yake inalia tu. Sitataja ni tribinali gani, shida niko nazo zinatosha.

Sasa munisaidie: bila numero banaweza kuipata? Yaya yangu anaweza kufuatilia mi nikisha kurudia Kitwe? Na ni lazima ule mubaba akubali? Juu nasikia eko Kalemie, na mi naye tukianza kuongea tutafungua kesi mupya.

Petit_wa_Katuba
Pole mama. Ile dola 20 hesabu kama sadaka 😅 Falanga ya tribinali haipitiake mu mufuko ya karani. Banakuandikia note de perception (karatasi ya kuonyesha falanga ya kulipa) ya DGRAD, ofisi ya serikali ya kupokea falanga, unaenda kulipa ku banki, unarudisha preve, njo kazi inaanza. Kama hataki kuandika, ile si bei, ile ni njaa yake.

Karani_wa_Zamani
Mama Mapacha, nilifanya ku grefe (ofisi ya makarani ya tribinali) miaka mingi, acha nikuelezee polepole.

Kwanza jina ya kintu unaomba, juu ukisema tu "mukanda ya divorsi" kila mutu atakupa yake. Hukumu yenyewe, ile juge na grefye (karani wa grefe) balitia sinyatire, inaitwa "minute" na haitokake ku grefe hata siku moja. Wewe unaomba "expédition du jugement", ni kopi yenye grefye ametia kashe na sinyatire kama inafanana na ile minute. Kuko tena "grosse", ile ni ya kumulazimisha mutu, kama alikatiwa kulipa falanga ya batoto ao kutoka mu nyumba. Kwa kuolewa tena haikuhusu, usilipe juu yake.

Numero: RC inatoka mu kitabu ya role, na mule kesi zinaandikwa vile zilikuwa zinaingia, na majina ya pande zote mbili. Kwa hiyo usibaambie batafute 2014 kwa sababu hukumu ilikuwa 2014! Mwaka ya kutafuta ni ile mulifungua kesi. Nimeona bantu benye kuzunguka miezi mizima juu ya kosa hii tu. Na kabla ya ile, angalia mu makaratasi ya nyumbani kama kuko asinyasio, ule mukanda wisye (mutumishi wa tribinali wa kupeleka mikanda) alileteaka bwana yako ao wewe ya kubaita ku odiense, numero RC iko juu kabisa. Kama mulikuwa na avoka, ye eko na dosye yake, mupigie.

Halafu usiende na mudomo tu. Andika barua kwa grefye titulaire, mukubwa wa grefe, weka majina yenu yote, mwaka, numero yenye unaona hata kama ni nusu, upeleke kopi mbili na batie kashe ya kupokea ku yako. Karani anasahau mutu, lakini barua yenye kashe inamusumbua.

Yaya yako anaweza, umuandikie prokirasio spesiale, mukanda ya kumupa ruhusa afuatilie ku jina yako, na uifanye hapa mbele ya notere kabla ya kupita mupaka ya Kasumbalesa, ukiisha kuvuka itakuwa safari ingine. Ule mubaba hakuna cha kukubali. Wewe ulikuwa mu kesi, kopi ni haki yako.

Na jua kama komini itaomba tena "certificat de non-appel". Hukumu ya divorsi ya tribinali ya amani mutu anaweza kuipeleka apele, ni kusema isikilizwe tena kule juu, ku tribunal de grande instance, basi grefe ya kule njo inaandika kama hakuna mwenye alienda. Bila ile, karani wa eta sivile hawezi kujua kama mambo iliisha kweli.

Mwana_Ruashi
Weye mukubwa unachanganya mama na kifaransa mingi. Dada yangu familia zilikaa, mali ya ndoa ikarudishwa, bakakunywa, bakaachana. Leo eko na bwana mwingine na batoto batatu. Tribinali ya nini?

Karani_wa_Zamani
@Mwana_Ruashi dada yako aliandikishaka ile ndoa ya kwanza ku komini? Kama ndiyo, basi mu kitabu angali kwa bwana wa kwanza, hata kama batoto bakuwe kumi. Code de la famille (sheria ya familia ya Kongo) ya 1987, na hata vile baliigeuza 2016, inasema divorsi ni juge anaikata. Kurudisha mali kunamaliza mambo ya bajomba, hakufuti jina mu kitabu. Bantu banaiyuaka siku mutu anakufa na nyumba inabaki, utaona bibi babili mbele ya juge.

Na mama, juu ya ile kitabu kusema ungali bibi ya mutu: sheria inasema grefye njo anatuma hukumu ku eta sivile kwenye mulioana, bapate kuandika pembeni ya akte ya ndoa. Kwako inaonekana haikutumwa. Ukisha kupata kopi, hakikisha na ile inafanyika, juu bila vile hata kopi yenye kashe tano, kitabu itaendelea kusema yake.

Bibi_Kolwezi
Kidogo tu: ni tribinali yenye ilikata njo inatoa kopi, si ya fasi unakaa. Mi nilipoteza siku nne Kolwezi kumbe yangu ilikatwa Likasi. Nilipofika Likasi ilichukua siku mbili tu, sikuamini.

Mama_Mapacha
Nimerudi. Karani wa Zamani, Mungu akubariki, ilikuwa vile vile! Tulifungua kesi mwezi wa 11 2013, bo balikuwa banatafuta mu 2014. Niliandika barua, nikatia kashe, kisha siku tano mama mumoja wa mule ndani aliniita, kitabu iko mezani, majina yetu iko pale na mwandiko muzuri kabisa, nilitetemeka kidogo. Nikaomba note, nikalipa ku banki, kopi niko nayo mukononi.

Lakini sasa kule juu, ku grefe ya apele, balinikatalia sertifika. Banasema mu dosye hakuna hata karatasi moja ya kuonyesha kama bwana alipelekewa hukumu. Ni kusema miaka yote hii mi ningali bibi yake?? Nimelia mu taxi-bus mbele ya bantu.

Karani_wa_Zamani
Usilie mama, hukumu iko, haikufa. Kintu yenye inakosa inaitwa "signification", wisye kumupelekea ule mubaba kopi na mukanda. Siku 30 za apele zinaanza kuhesabiwa siku ile anapelekewa, si siku juge alisoma. Kama hakupelekewaka, hesabu haijaanza, njo maana bale ba juu hawawezi kusinya. Angalia tena mu kopi kama hukumu ilikatwa bila ye kuwa, banaandika "par défaut", juu pale kuko na opozisio, ni kusema ye anaweza kuomba ile tribinali isikilize kesi tena, siku 15.

Kwenda ku wisye wa tribinali, umupe kopi na adrese. Vile eko Kalemie, wisye wa kule njo atamufikia. Na shukuru adrese inajulikana, kwa mutu asiyejulikana kwenye eko, banabandika ku mulango ya tribinali na kutuma ku Journal officiel, na pale utangoja. Akikataa kusinya haiharibu kintu, wisye anaandika kama alikataa.

Mama_Mapacha
Par défaut hapana, alikuwa mule, alikuwa hata anacheka. Adrese tutapata, mama yake anauzisha samaki ku soko, ananipendaka mi kupita mutoto yake. Ndoa tulikuwa tumeweka Desemba, nimemupigia mutu wangu simu, amesema nguo haziozi, tungoje. Kesho asubuhi niko ku wisye.

Petit_wa_Katuba
Na note mama, note mbele!! 😂