Mchujo wa urais Marekani: nibaki na chama changu au nimfuate mgombea?

Mwandikishwa_Mpya

Wakuu, salaam.

Naomba msaada wa wanaozijua chaguzi za Marekani kwa undani. Wengi wetu tuliopata uraia tunajua vizuri kura ya Novemba, lakini mchujo wa vyama, yaani kura ya kumteua mgombea wa kila chama, unatuchanganya. Maswali yangu ni matatu:

Mtu aliyejiandikisha kama Democratic, lakini mgombea anayemwamini safari hii yuko Republican (au kinyume chake), anaruhusiwa kuvuka? Akivuka, anapoteza nini? Na tukiwa ndani ya chama kilekile, nimpigie ninayemtaka au mwenye nafasi ya kushinda?

Sitafuti wa kunipigia debe mgombea yeyote. Nataka kanuni na hesabu. Natanguliza shukrani.

---

Karani_wa_Kituo

Mkuu, kabla ya kufikiria uaminifu kwa chama, angalia jimbo lako linaruhusu nini. Hakuna sheria moja ya nchi nzima. Kanuni nitakazotaja ni zilizotumika hadi 2024, na majimbo huzibadilisha mara kwa mara, kwa hiyo hakikisha kwenye ofisi ya uchaguzi ya kaunti yako mapema.

Kuna majimbo yaliyofungwa kabisa. Pennsylvania, Florida na New York ni mifano mizuri: anayepiga kura kwenye mchujo wa chama ni mwanachama aliyeandikishwa tu. Asiye na chama anakaa nje. Unaweza kuhama, lakini kwa tarehe, na tarehe ndiyo inayowaangusha watu wengi kuliko kitu kingine chochote. Pennsylvania mwisho ni siku 15 kabla ya uchaguzi. Florida ni siku 29. New York mwisho ni Februari 14, na huko nyuma ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 2016 mchujo wao ulikuwa Aprili 19, ila aliyetaka kubadili chama alitakiwa awe ameshafanya hivyo kufikia Oktoba 9, 2015. Watoto wawili wa Donald Trump, Ivanka na Eric, waliikosa tarehe hiyo na hawakuweza kumpigia baba yao kura.

Kuna yaliyo wazi: Texas, Michigan, Virginia, South Carolina. Huko daftari la wapiga kura halina sehemu ya chama. Unafika kituoni, unasema unataka karatasi ya kura ya chama gani, unapewa. Moja tu. South Carolina mwaka 2024 ilikuwa na siku mbili tofauti, Democratic Februari 3 na Republican Februari 24, na aliyepiga ya kwanza alifungiwa ya pili.

Halafu kuna ya katikati, na hapa ndipo watu wanateleza. New Hampshire na Massachusetts, asiye na chama anachagua karatasi anayoitaka, lakini mwanachama wa Democratic hapewi ya Republican wala kinyume chake. Kwa hiyo huko, mtu mwenye moyo wa kuhamahama anafaa kujiandikisha bila chama tangu mwanzo. New Hampshire ina jambo moja la kuangalia: ukichukua karatasi ya chama unahesabiwa mwanachama hapohapo, mpaka ujaze fomu ya kurudi kuwa huru. Fomu iko palepale kituoni. Jaza kabla hujatoka mlangoni, maana ukisahau, mchujo ujao utakukuta bado uko kwenye chama hicho. Mwaka 2024 mchujo wao ulikuwa Januari 23, na wanachama waliotaka kubadili walitakiwa wawe wamemaliza Oktoba 6, 2023. New Jersey nako asiye na chama akipiga kura ya mchujo anaandikwa mwanachama, na anayetoka chama kimoja kwenda kingine anatakiwa afanye hivyo siku 55 kabla.

Na kwa wenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu, si uraia): mchujo ni uchaguzi kama uchaguzi mwingine. Hauruhusiwi kwa asiye raia, na kuupiga kunaweza kukuharibia kesi yako yote ya uhamiaji. Msidanganywe kwamba "ni mambo ya ndani ya chama tu".

---

Kata_Kwanza

Nijibu swali la pili, maana ndilo watu wanalipuuza.

Gharama ya kuvuka inategemea karatasi ya siku hiyo imebeba nafasi ngapi. Michigan mchujo wa urais 2024 ulikuwa Februari 27, na wa nafasi nyingine zote ulikuwa Agosti. Ukivuka Februari, hupotezi kitu Agosti. Virginia ni hivyohivyo, urais Machi na nafasi nyingine Juni. Sehemu kama hizo mimi sioni tatizo kabisa mtu kumfuata mgombea wa urais popote alipo.

Sasa chukua Texas. Karatasi ya Machi ina urais juu, lakini chini yake kuna Bunge la Congress, mabunge ya jimbo, majaji, sherifu, makamishna wa kaunti. Ukichukua karatasi ya Republican kwa ajili ya mtu mmoja wa juu, umeacha nafasi hizo zote za Democratic zichaguliwe na wengine. Haiishii hapo. Nafasi zile za chini asipopatikana aliyevuka asilimia 50, kunakuwa na duru ya pili mwezi Mei, na wewe umeshafungwa na chama ulichokichagua Machi. Huwezi kurudi chama chako mwezi Mei. Urais wenyewe hauna duru ya pili, kwa hiyo umeuza kura mbili kununua moja.

Na kuna kaunti nyingi nchi hii ambako chama kimoja kina nguvu kiasi kwamba Novemba ni kukamilisha ratiba tu. Jaji wako na sherifu wako wanapatikana kwenye mchujo wa chama kile. Anayeishi sehemu kama hiyo na hakubaliani na chama kilichotawala, bado nafasi pekee ya kusikika iko ndani ya mchujo wao. Ndiyo maana nasema swali la uaminifu lisiulizwe kwa chama cha taifa peke yake. Fungua sampuli ya karatasi, ofisi nyingi za uchaguzi huiweka mtandaoni kabla, uhesabu nafasi zilizopo na ujiulize ni ngapi zina ushindani wa kweli upande gani.

---

Hesabu_za_Wajumbe

Swali la tatu haliwezi kujibiwa bila kujua kura inavyogeuka wajumbe, yaani watu wanaoliwakilisha jimbo kwenye mkutano mkuu wa chama, kwa sababu anayeteuliwa ni mwenye zaidi ya nusu ya wajumbe huko. Vyama viwili hivi havifanani hata kidogo.

Democratic wanagawa kwa uwiano nchi nzima, ila kuna kizingiti cha asilimia 15. Aliye chini ya hapo hapati mjumbe. Kizingiti kinapimwa mara mbili: jimbo zima, na kila wilaya ya Congress peke yake. Tuseme jimbo lina wajumbe 10 wa kugawa, na matokeo ni 45, 30, 14 na 11. Wale wawili wa mwisho wanaondolewa kwenye hesabu. Zinabaki 75. Wa kwanza ana 45 kati ya 75, yaani asilimia 60, anapata wajumbe 6; wa pili anapata 4. Robo nzima ya wapiga kura haikuleta mjumbe hata mmoja.

Kwa hiyo mgombea unayempenda akiwa kwenye 13 au 14 katika eneo lako, kura yako ina thamani kubwa mno, maana kumvusha 15 kunambadilisha kutoka sifuri kwenda mjumbe mmoja au zaidi. Akiwa kwenye 4, haivuki. Hapo ndipo unapoangalia chaguo lako la pili bila kujiona msaliti.

Wilaya nazo zina tabia yake. Yenye wajumbe 4, wagombea wakiwa wawili, 60 kwa 40 inatoa 2 kwa 2. Ili upate 3 lazima uvuke asilimia 62.5. Yenye wajumbe 5, nusu na kitu kidogo inatosha kupata 3. Kampeni zenye akili zinapeleka watu wao kwenye wilaya zenye idadi witiri, na wapiga kura wa huko wajue kwamba kura zao ndizo zinazotafutwa.

Republican wanaliachia jimbo uhuru mkubwa zaidi. Kuna uwiano, kuna mshindi kubeba wote, kuna mchanganyiko. Mwaka 2016 South Carolina ilikuwa na wajumbe 50: 29 kwa mshindi wa jimbo na 3 kwa mshindi wa kila wilaya kati ya wilaya 7. Trump alipata asilimia 32.5 na akabeba wote 50. Theluthi mbili ya wapiga kura walimtaka mtu mwingine, lakini walijigawa kwa Rubio, Cruz na wengine, wakatoka mikono mitupu. California 2024 ilikuwa na wajumbe 169 wa Republican, na kanuni ilikuwa anayevuka nusu anachukua wote, Trump akavuka.

Kwa hiyo ndani ya Republican, kwenye jimbo la mshindi kubeba wote, kumpigia wa tatu au wa nne kwa sababu ya mapenzi ni kumsaidia wa kwanza. Ndani ya Democratic, wa tatu mwenye asilimia 18 anapata wajumbe wake halali. Anayetumia kanuni moja ya kichwani kwa vyama vyote viwili anakosea upande mmoja.

---

Mwandikishwa_Mpya

Asanteni sana, hili la kizingiti sikuwahi kulisikia likielezwa hivi. Swali la nyongeza: wengi wetu tuna zamu za usiku au mbili kwa siku, tunapiga kwa posta. Kuna mitego gani? Na vipi mgombea akijitoa baada ya mimi kutuma?

---

Bahasha_Mbili

Mitego ipo, na mingi inahusu bahasha kuliko karatasi yenyewe.

Colorado, asiye na chama anatumiwa karatasi za vyama vyote viwili. Rudisha moja. Ukirudisha zote mbili zimejazwa, hakuna inayohesabiwa. Washington, lazima uweke alama ya chama kwenye bahasha ya nje na usaini. Usipoweka alama, au ukiweka chama kimoja kisha ukampigia mgombea wa kingine, kura ya urais imekufa. Wapo wanaokasirishwa na kutangaza chama kwenye bahasha, nawaelewa, lakini hakuna njia nyingine huko.

California ina mtego wa jina. Kuna chama kinaitwa American Independent Party ("independent" maana yake huru), na watu wengi wamejiandikisha humo wakidhani wanasema "sina chama". Hicho ni chama kamili, kwa hiyo hupewi karatasi ya Democratic. Asiye na chama wa kweli anaweza kupata karatasi ya Democratic, ila aiombe. Asipoomba, inayomfikia kwa posta haina sehemu ya urais. Ya Republican inahitaji uwe mwanachama. Kizuri ni kwamba California unaweza kurekebisha uandikishaji wako hata siku yenyewe ya uchaguzi, kwa kwenda kituoni.

Kuhusu mgombea kujitoa: kwa kawaida jina linabaki kwenye karatasi na kura haihamishwi. Mwaka 2020, kati ya wagombea wa Democratic, Buttigieg alijitoa Machi 1, Klobuchar Machi 2, na Jumanne Kuu, siku ambayo majimbo mengi hupiga mchujo pamoja, ilikuwa Machi 3. Texas walikuwa wameshamaliza kura za mapema Februari 28. California karatasi zilianza kutumwa mwanzoni mwa Februari. Waliowahi sana waliwapigia watu ambao hawakuwemo tena.

Ushauri wangu: kama mbio zina wagombea watano na hazijatulia, pokea karatasi, jaza nafasi nyingine, acha urais, kaa nayo mpaka siku chache kabla, kisha ipeleke kwa mkono kwenye sanduku rasmi la kaunti, kama lipo, badala ya posta. Kama umeshaituma, Michigan wanaruhusu uombe ifutwe upewe mpya kabla ya tarehe wanayoiweka. Majimbo mengi hayaruhusu. Piga simu kwa karani uulize.

---

Kata_Kwanza

Niongeze, kwa sababu kuna wanaoshauri kuvuka ili kumchagua mgombea dhaifu wa chama kingine awe rahisi kushindwa Novemba. Michigan 2012, kwenye mchujo wa Republican, kampeni ya Santorum ilipiga simu kwa Democratic waje wampigie dhidi ya Romney. Romney akashinda 41 kwa 38. Mwaka 2008 mtangazaji Rush Limbaugh aliwahimiza wasikilizaji wake wa Republican wampigie Hillary Clinton ili mbio za Democratic zirefuke. Sikubaliani na njia hiyo. Yule unayemwona dhaifu akishapata tiketi ya chama kikubwa yuko uchaguzi mmoja tu kabla ya Ikulu ya White House. Vuka kwa mtu ambaye ungekubali akuongoze.

Kama ndani ya chama chako hakuna anayekuridhisha, usivuke kwa hasira. Michigan karatasi ina nafasi ya "bila msimamo". Mwaka 2024 zaidi ya watu 100,000 wa Democratic waliichagua, kama asilimia 13, na ikapata wajumbe 2 kwa kuvuka 15 kwenye baadhi ya wilaya. Nevada wana "hakuna kati ya hawa", na mwaka huohuo ilimshinda Nikki Haley kwenye mchujo wa Republican wa Februari 6, ingawa wajumbe waligawiwa kwenye kokasi (mikutano ya wanachama ya kuchagua mgombea) ya Februari 8 na si hapo. Jina la kuandika kwa mkono liwe la mwisho, maana sehemu nyingi halihesabiwi kama mhusika hakujisajili.

---

Karani_wa_Kituo

Mkuu uliyeuliza, jambo moja kabla hujafunga mjadala. Chama ulichojiandikisha, au karatasi uliyochukua, huonekana kwenye kumbukumbu za wazi katika majimbo mengi. Uliyempigia haonekani kamwe. Kampeni huchukua orodha hizo, ndiyo maana ukivuka mara moja utapata vipeperushi na simu za chama kile kwa miaka. Na Novemba huzuiwi kumpigia yeyote, hata kama mchujo ulichukua karatasi ya upande mwingine.

Ukinitajia jimbo na kaunti, nitakuelekeza fomu ya kubadili chama ilipo na inapelekwa wapi.

---

Mwandikishwa_Mpya

Ohio, kaunti ya Franklin.

---

Karani_wa_Kituo

Basi huna fomu ya kujaza. Ohio huandikishwi chama mapema. Chama chako ni karatasi unayoiomba siku ya mchujo. Ila urais na nafasi za kaunti ziko kwenye karatasi moja mwezi Machi, kwa hiyo soma alichoandika Kata_Kwanza kuhusu Texas, ukiacha hilo la duru ya pili. Sampuli ya karatasi utaipata kwenye tovuti ya bodi ya uchaguzi ya kaunti, na kitambulisho chenye picha ni lazima ukienda kituoni.