Rimoti yenye sauti, miksa ndogo au kibodi tu? Slaidi za sendofu Jumamosi

MjombaTabata
Wakuu habari za jioni. Jumamosi ni sendofu ya binti wa dada yangu na mimi nimepewa slaidi za picha, tangu akiwa mchanga hadi leo, wimbo ukipiga chini yake. Wimbo ushuke baba yake akishika maiki, kisha upande tena. Nina elfu 80. Nichukue rimoti yenye kitufe cha sauti, miksa ndogo ya kupandisha na kushusha sauti, au kibodi ya kompyuta inatosha? Kesho asubuhi naingia Kariakoo.

BintiNyamagana
Mjomba, hujatuambia kitu. Windows au Mac? Sauti inatokea projekta au kwa DJ? Wimbo uko ndani ya slaidi au unaupiga kwa simu?

FundiMbagala
Miksa usinunue. Kama kuna DJ, anayo. Mpe waya kutoka tundu la hedifoni, sauti ya kompyuta iache kwenye 75 hivi, halafu usiiguse tena. Kushusha ni kazi ya anayemwona mzee anavyoinuka kitini.

MwalimuKibaha
Fundi, wengine tunafundisha peke yetu, DJ tumtoe wapi? PowerPoint ya Windows, slaidi zikiwa zinaonyeshwa: Alt na mshale wa juu inapandisha sauti ya wimbo au video iliyomo, Alt na mshale wa chini inashusha, Alt na U inanyamazisha. Watu wanabonyeza Esc kwenda kutafuta alama ya spika, ukumbi mzima unaanza kusoma majina ya mafaili yao. Rimoti yangu ni Logitech R400: mbele, nyuma, kuanza, kuzima picha na taa nyekundu. Sauti haina. Spotlight ya kampuni hiyohiyo inaweza, ila si kwa elfu 80.

MamaZuhura
Mjomba, kabla ya rimoti uliza waya wa projekta. Tulifanya kumbukumbu ya marehemu baba, nikajaribu slaidi nyumbani kwenye runinga kwa HDMI, sauti safi. Ukumbini nikakuta projekta ya VGA, na VGA inabeba picha tu. Kaswida ikawa inatoka kwenye kompyuta kidogo mno. Nikaipandisha hadi 100, kijana akaniwekea maiki pale kwenye spika ya kompyuta. Tukafika picha ya baba na mama mlangoni kwao, meseji ya WhatsApp ikalia ndani ya spika kubwa. Kijana mwingine akaleta waya, akauchomeka bila kuniambia, nami bado niko 100. Mlio ule! Watoto walilia, na mama aliyekuwa kiti cha mbele akaziba masikio. Hadi leo nikikumbuka mikono yake naumia. Shusha sauti KABLA ya kuchomeka waya, na zima intaneti.

FundiMbagala
Pole sana dada. Huyo kijana alikosea, anayechomeka ndiye anayefunga chaneli ya waya huo kwenye miksa kwanza.

KijanaBuza
Waya wa nini siku hizi? Chukua spika ya Bluetooth, elfu 80 inatosha.

FundiMbagala
Kwa video sauti inachelewa, midomo na maneno haviendani. Na watu wakijaa katikati yako na spika inakatakata, miili inazuia mawimbi.

KijanaBuza
Hizo ni picha, si video. Yangu nimeitumia kwenye vikao vitatu, haijakata.

BintiNyamagana
Vikao vya watu wangapi?

MjombaTabata
Samahani, nilikuwa barabarani. Ni Windows, wimbo uko slaidi ya kwanza, DJ yupo, ila hataki mtu aguse vyombo vyake. Na nikifika slaidi ya pili wimbo unakata!

MwalimuKibaha
Bonyeza alama ya spika kwenye slaidi, nenda sehemu ya uchezaji, weka tiki pa kupiga kupitia slaidi zote. Sasa jaribu Alt na mshale.

MjombaTabata
Umeendelea, asante mwalimu! Lakini nikichomeka chaja, spika zinanguruma.

FundiMbagala
Ni umeme wa chaja unapita kwenye waya wa sauti. Chomoa chaja, tumia betri.

MjombaTabata
Betri yangu haifiki nusu saa.

MamaZuhura
Basi azima kompyuta nyingine. Au chukua umeme soketi moja na DJ.

KijanaBuza
Bluetooth haingurumi.

BintiNyamagana
Meza yako na ya DJ ziko umbali gani? Waya wa mita ngapi?

MjombaTabata
Sijui. Ngoja nimpigie mwenye ukumbi.