Besi peke yangu: lupu ya tatu inageuka mngurumo

Nyuzi Nne:
Habari wakuu. Nina gitaa la besi, pedali ya lupu (inarekodi kipande na kukirudiarudia) na kompyuta, na nataka kupiga muziki wa kielektroniki mwenyewe, bila bendi. Lupu ya kwanza inatoka safi. Nikifika ya tatu nasikia mngurumo tu. Tena nimejaribu programu ya kugeuza noti kuwa MIDI (lugha ya ala za kielektroniki) ili niendeshe sinthesaiza, yaani ala inayotengeneza sauti kwa umeme: kwenye uzi wa E sauti inachelewa hadi natoka kwenye mdundo. Ninunue kompyuta nyingine?

Gumba:
Usinunue, ndugu yangu. Uzi wa E ukiwa wazi unatetema mara 41 hivi kwa sekunde, kwa hiyo wimbi moja tu ni milisekunde 24. Programu ikisubiri mawimbi mawili ndipo itambue noti, karibu milisekunde 50 zimeshapita. Panda freti ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma shingoni mwa gitaa) kwenye uzi wa D au G, mawimbi ni mafupi zaidi, kisha ishushe sinthesaiza oktava mbili. Utashangaa.

Kuhusu mngurumo: kule chini, kwenye sauti nzito, hapatoshi watu watatu. Mimi naanza na ngoma. Naziba nyuzi zote kwa kiganja cha kushoto, nagonga uzi wa E kwa gumba, na kichujio kinakata kila kilicho juu ya hezi 100. Inabaki "du" nzito. Haihati, yaani "tsi" ya matoazi ya ngoma, naipata kwa kukwaruza nyuzi hizohizo kwa kucha karibu na daraja, safari hii nikiondoa sauti nzito. Halafu nagusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12, ya 7, ya 5. Zile sauti za kengele nazipitisha kwenye mwangwi mrefu. Mstari wa besi wenyewe siuwekei lupu kamwe. Naupiga mubashara, kwa sababu ndiyo roho ya wimbo na napenda uhame nikijisikia.

Saa Moja:
Ongeza hili: pedali ya lupu ifuate saa ya MIDI, yaani mapigo ya kasi yanayotumwa na kompyuta. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, baa nne za mapigo manne manne ni sekunde 8 kamili. Ukifunga lupu kwa mguu na mguu ukachelewa kidogo tu, kila mzunguko unazidi kuachana na ngoma za mashine.

Nyuzi Nne:
Nimejaribu freti ya 12, kweli kuchelewa sikusikii tena! Ila ile "du" inagongana na besi.

Gumba:
Weka kompresa (kifaa cha kupunguza sauti inapozidi) kwenye besi, iongozwe na ngoma: kila "du" ikipiga, besi inainama, kisha inarudi. Irudi kabla ya pigo linalofuata.