CHUMA HAKIPUMUI?? Makanika kaziba briza za gari yangu ya tabo na bolti alafu ananicheka

Mama_Mizigo_Busia

Jamani naandika mikono inatetemeka na msiniambie nitulie. Jina sitaji, hakuna haja, mnamjua wote, yule makanika wa upande ule, mwenye ovaroli ambayo saa hii ina oili nyingi kuliko injini yangu, yule ambaye ukiuliza gari nipeleke wapi kila mtu anasema peleka pale, huyo ni bingwa. Bingwa! Leo mbele ya wateja wake, mbele ya vijana wake wa spana, mbele ya muuza chapati, ameniambia "nyabo (yaani mama), injini ni chuma, na chuma hakipumui." Wakacheka. Muuza chapati aliacha rolex ya mtu, ile chapati ya mayai, inaungua ili acheke vizuri.

Chuma hakipumui!!

Sikilizeni. Gari ni Subaru Forester ya tabo, yaani ina feni inayosukumia injini hewa kwa presha, imepita kilomita 280,000, ndiyo inanibebea mzigo Busia–Kampala. Imetembea sana, sikatai. Ilikuwa inalowesha oili kwenye hozi za intakula, kile kipoza hewa ya tabo, nikampelekea aangalie. Hakupima kompresheni. Hakufungua kifuniko cha oili aone inapuliza kiasi gani. Valvu ya PCV, ile ndogo inayotoa gesi ndani ya injini, hakuigusa, sidhani hata anajua inakaa wapi. Alichofanya ni kuchomoa zile hozi za briza, ndizo injini inapumulia, zinazotoka kwenye vifuniko vya valvu kwenda kwenye bomba la hewa kabla ya tabo, akazisukumia bolti ndani, akakaza klipu, akasema "imeisha, haitalowa tena." Laki na nusu. Na kweli haikulowa, kwa sababu oili ilikuwa inatafuta mlango mwingine!

Sasa mtu mzima mwenye gereji anaambiwa chuma hakipumui. Ile gesi ya moto inayopenya kwenye ringi za pistoni ikashuka kwenye krenki, chini ya injini, inaenda wapi? Hata injini mpya inapenyeza kidogo, sembuse ringi za umri huu, na tabo ikianza kusukuma ndiyo inazidi. Ukienda polepole injini inaivuta kupitia PCV inairudisha kwenye manifoldi, pale hewa inapoingilia silinda, inaungua huko. Ukikanyaga, manifoldi inajaa presha ya tabo, PCV inatakiwa ijifunge presha isishuke kwenye krenki, kwa hiyo gesi yote inabaki na njia moja tu, hozi za briza. HIZO HIZO ALIZOZIBA. Ni sufuria ya maharage umeifunika ukaweka jiwe juu, alafu unaongeza kuni.

Nimefika Namawojjolo, pale Mukono kwa wauza kuku, mbele yangu lori la miwa, nikakanyaga nilipite. Dipstiki, kijiti cha kupimia oili, ikachomoka yenyewe! Oili ikaruka ikamwagikia ekzosi, moshi mweupe mbele, moshi wa buluu nyuma, wauza kuku wakakimbia na mishikaki mikononi wakidhani ni bomu, yaani Mukono nzima haikuona jua mpaka jioni. Sili ya nyuma ya krenki imesukumwa nje, klachi imelowa. Na tabo nayo inavuja, kwa sababu oili ya tabo inarudi kwenye injini kwa kuteremka tu, hakuna kitu kinachoisukuma, ukijaza presha kule chini haiteremki tena, inapenya kwenye sili zake inaingia kwenye ekzosi.

Leo nimemrudishia bolti zake mkononi. Nilitegemea pole tu, hata pesa sikuwa nimefika huko. Akaziangalia, akawaangalia watu, akasema ati nilizidisha oili, alafu ndiyo akatoa hilo neno lake. Na anakunja mikono! Chuma hakipumui, amekunja mikono, wanacheka.

Kijana_wa_Ndeeba

Hahahaha banange, "chuma hakipumui" 😂😂 hiyo naiandika nyuma ya taksi yangu kesho asubuhi. Huyo namjua, ana tabia ya kukunja mikono kweli, ukiona amekunja mikono ujue gari yako imekufa. Lakini dada, uliona bolti imekaa kwenye hozi ukatoa laki na nusu?

Mama_Mizigo_Busia

Ningeionaje? Forester ya tabo ina intakula juu ya injini, ukifungua boneti unaona intakula tu, vingine viko chini yake. Alinionyesha hozi kavu kwa tochi. Na usiniletee mchezo, mimi nimechekwa mpaka na mtu wa chapati.

Droni_Masaka_Rodi

Nyie wa petroli mna bahati, mnapoteza sili mnalia. Mimi naendesha droni, ile taksi ya Hiace, ya dizeli, tabo pia, ilikuwa imelowesha intakula mpaka oili inatuama ndani, nikasema nitashughulikia mwezi ukiisha. Siku moja imeanza kula oili yake yenyewe. Nimezima funguo haisikii! Inapanda tu inalia abiria wanatokea madirishani, mama mmoja alitoka na godoro lake sijui alilipitisha wapi. Kilichoniokoa ni gia kubwa, nimekanyaga breki mpaka chini nikaachia klachi kwa nguvu ikafa. Tena nilivyompigia makanika akaniuliza kwa nini sikuzima funguo. KWA NINI SIKUZIMA FUNGUO jamani.

Mzee_wa_Spana

Binti, pole sana, na huyo mtu amekukosea. Ila kabla hujanunua sili sikiliza, maana ukiweka sili mpya bila kuangalia presha ya krenki nayo itatoka. Kwanza pima kompresheni na pima uvujaji wa kila silinda, ujue kama ringi bado zina maisha. Pili chomoa valvu ya PCV uipulize kwa mdomo, upande wa injini ipite, upande wa manifoldi igome. Ikipita pande zote mbili tupa, maana tabo inapuliza moja kwa moja kwenye krenki, na hiyo peke yake inatosha kufanya yote uliyoyaeleza. Haitengenezwi, weka mpya. Tatu hozi zote za briza, zikishazeeka zinakauka zinapasuka, au zinalainika ndani zinajifunga zenyewe ukivuta. Badilisha zote, bei yake si kitu ukilinganisha na kushusha giaboksi.

Ukitaka kopo la kukamata oili kwenye hozi za briza weka, nalipenda mimi, lakini liwe na vizuizi au wavu ndani, kopo tupu oili inaingia huku inatoka kule. Hozi zake zisiwe nyembamba kuliko za mwanzo. Na limwagwe kila mara, hasa ukienda Kabale kwenye baridi, linajaa maji na oili vinachanganyika vinakuwa uji. Kopo haliponyi ringi zilizokwisha, kama injini inapuliza sana ni ovahoo tu, kuifungua yote na kuifufua.

Mama_Mizigo_Busia

Asante mzee, Mungu akubariki. Umeona? Yaani mtu ananiambia vitu kwa heshima, sijachekwa. Yule alishindwa nini kuniambia hivi?? Chuma hakipumui, ningekuwa na wanaume wa kwetu pale...

Turbo_Ya_Mbarara

Mnajisumbua. Mimi nilichomoa hozi zote nikaziacha zinaning'inia chini zinapuliza barabarani. Mwaka wa pili huu, haijaruka dipstiki.

Mzee_wa_Spana

Na zile tundu kwenye bomba la hewa kabla ya tabo uliziba? Kama hukuziba tabo yako inavuta vumbi la muramu bila kuchujwa, inavuta na hewa ambayo sensa haijaipima. Na hizo hozi zikidondoshea oili ekzosi ya moto tutakusoma gazetini.

Turbo_Ya_Mbarara

Mzee ngoja niende nje niangalie.

Kijana_wa_Ndeeba

😂😂😂 amekwenda na tochi

Mtu_wa_Malaba

Wewe unalia bolti, mimi nilinunua gari dashibodi inasema kilomita 78,000. Pedali ya breki imelika mpaka chuma kinaonekana, usukani umeng'aa, kiti cha dereva kina shimo la makalio. 78,000! Hao wanaorudisha kilomita wangefungwa kwanza, makanika baadaye.

Droni_Masaka_Rodi

Na wa kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli tuwaache? Kuna stesheni moja sisemi, mnaijua, ile ya mteremkoni, ukijaza pale gari inakohoa mpaka Lukaya.

Mtu_wa_Malaba

Ile yenye choo kizuri? Mimi najaza pale kila siku.

Droni_Masaka_Rodi

Ndiyo maana Malaba hamfiki.

Mama_Mizigo_Busia

Jamani turudi kwenye mada. Anayejua klachi nzima ya Forester pale Kisekka, soko la spea Kampala, ni bei gani? Na kesho narudi pale na shahidi, lazima aniambie tena hilo neno nikiwa narekodi.

Asiye_na_Kioo

Mambo ya Kisekka msinitajie. Jana kwenye jemu nimeibiwa kioo cha pembeni, dirisha liko wazi, mkono uko hapa hapa, mtu amekichomoa ananiangalia usoni. Leo nimekwenda kutafuta kingine nimeuziwa changu! Kina stika ya mwanangu nyuma!

Kijana_wa_Ndeeba

Bei gani alikuuzia?

Asiye_na_Kioo

Elfu themanini, na alisema ananipunguzia kwa sababu mimi ni mteja.

Mtu_wa_Malaba

Themanini? Mimi changu nilinunua laki moja, na hakikuwa hata na stika.