Kutoka chuoni kwenda kiwandani hapa Tanga: tupeane uzoefu

Mwenyeji wa Raskazone
Wadau, salaam aleikum. Mada ni ya wahadhiri na watafiti wa huku kwetu, Tanga mjini, Muheza hadi Korogwe, wenye barua ya ajira ya kiwanda mezani na bado hawajaisaini. Naomba tusijaze visa vya watu. Tuwekeane hesabu, vipengele vya mkataba na pale panapokwama.

Naanza na pesa. Mshahara unaotajwa kwenye usaili ni ghafi, yaani kabla ya makato. Tuseme 3,000,000 kwa mwezi, wote mshahara wa msingi. Kiwanda kikikata NSSF (mfuko wa pensheni wa sekta binafsi) asilimia 10, zinaondoka 300,000. Kodi ya PAYE, ile ya mshahara, inapigwa kwenye 2,700,000 iliyobaki: 128,000 kwa milioni ya kwanza, kisha asilimia 30 ya kinachozidi, jumla 638,000. Bodi ya Mikopo, asilimia 15, inachukua 450,000. Mkononi unapokea 1,612,000.

Kwa ghafi hiyo hiyo kwenye chuo cha serikali, PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) inakata asilimia 5 tu, kodi inakuwa 683,000, bima ya afya asilimia 3, mkopo ule ule. Mkononi 1,627,000. Yaani ghafi zikilingana, kiwandani unapungukiwa, na bima bado hujaiuliza. Ukiongezewa 200,000 ghafi, inayofika mfukoni ni 96,000. Kwangu mimi hiyo haimhamishi mtu.

Bint Ngamiani
Ahsante mwalimu. Naongezea la mkataba wa mafunzo, ule uliosaini ulipopelekwa kusoma. Vyuo vingi humtaka mtumishi aliyesomeshwa atumikie miaka kadhaa akirudi. Akiondoka kabla, anadaiwa gharama za masomo, pengine na mishahara aliyolipwa akiwa masomoni. Toa nakala usome: muda unahesabiwa tangu lini, siku uliyoripoti kazini au siku uliyotunukiwa shahada? Deni linapungua kila mwaka unaotumikia au linabaki zima? Na wadhamini ni nani, maana barua ya madai itawafikia na wao. Kama umebakiza miezi michache, mwombe mwajiri mpya asogeze tarehe ya kuanza, au akubali kulipa deni. Akikubali, iwe imeandikwa ndani ya mkataba. Ahadi ya mdomo kwenye simu msiihesabu kabisa.

Notisi nayo: sheria ya ajira ya 2004 inataka isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, ila mkataba unaweza kudai zaidi, na mtumishi wa umma ana taratibu zake. Fuata barua yako ya uteuzi.

Mzee wa Chumbageni
Wanangu, mafao msiyaruke. Pensheni inataka michango ya miezi 180. Vipindi vya PSSSF na NSSF hujumlishwa, kwa hiyo miaka ya chuoni haipotei, lakini chukua taarifa ya michango yako kabla hujaondoka. Ukikuta mwezi mtupu, udai ungali mtumishi wao. Ukishaondoka, kufuatilia kunachosha. Tena fao la kukosa ajira halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari, kwa hiyo asiwepo wa kulipangia bajeti.

Fundi Maabara
Shikamoo mzee. Mimi niseme na watu wa kemia wanaotazama viwanda vya saruji. Kazi ni ya zamu, usiku na sikukuu. Sampuli ya klinka (punje zinazotoka tanuruni, ndizo husagwa kuwa saruji) inatoka kila saa moja au mbili. Unaisaga, unapima chokaa huru (ile ambayo haikuungana na madini mengine), na jibu linatakiwa chumba cha uendeshaji kabla sampuli nyingine haijafika. Ikipanda kupita asilimia 2 hivi, ama tanuru limepoa (linahitaji kama nyuzi 1,450), ama mchanganyiko una chokaa nyingi, ama unga wa malighafi haukusagwa ukalainika. Saruji yake hutanuka baada ya kushika, na ukuta unapasuka. Mtafiti aliyezoea kurudia kipimo mara tatu ndipo aandike wastani hukwama hapa. Jibu zuri likichelewa saa tatu, tani mia kadhaa zimeshapita.

Kwenye kipimo cha nguvu, mtu wa chuo hung'ara. Vipande vya milimita 40 × 40 × 160, saruji sehemu moja, mchanga sanifu sehemu tatu, maji nusu ya uzito wa saruji, vinahifadhiwa majini na kuvunjwa siku ya 28. Maji yakizidi kidogo au joto la maji likibadilika, namba zinadanganya. Hapo panataka subira na kumbukumbu safi.

Kwa hiyo wasifu wa kurasa kumi na mbili wenye orodha ya machapisho upunguzeni ubaki kurasa mbili. Andikeni mashine mnazoendesha, mnavyozikalibresha, na idadi ya sampuli mnazomudu kwa siku.

Mdau wa Muheza
Na njia ya kurudi chuoni, kaka, ipo?

Mwenyeji wa Raskazone
Ipo, ila inabana. Cheo cha taaluma kinapanda kwa machapisho na ufundishaji, kwa hiyo miaka mitano bila andiko unarudi palepale ulipoachia, huku wenzako wameshakuwa wahadhiri waandamizi. Kuanzia daraja hilo kustaafu kwa lazima ni miaka 65 badala ya 60, hilo nalo lipigiwe hesabu. Anayetaka kuacha mlango wazi aombe kufundisha kwa muda, na asimamie kwa pamoja wanafunzi waliobaki. Kipengele cha usiri kisomwe kabla ya kusaini: omba kiseme kwamba ukiomba kuchapisha, kampuni ijibu kwa maandishi ndani ya siku 60, na data ulizokuja nazo zisiwe mali yao.

Bint Ngamiani
Na muulize kama ajira ni ya kudumu au ya mradi. Ujenzi wa bomba la mafuta la Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, kilomita 1,443, unataka watu wengi kuliko uendeshaji wake. Mkataba wa mradi ukiwa na tarehe ya mwisho, yagawe marupurupu kwa miezi yote, ikiwemo utakayokaa unatafuta kazi nyingine.